Mhariri, tuonyesheni na kona za jengo, sio kila siku muonekano wa mbali tu

Mhariri,

Salamu kwako na wenzako wote hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mwanza, gazeti nalisoma kwa kununua na siku nyingine kwa kuazima kwa jirani yangu wa duka la dawa, tusidanganyane hali mnaijua. Nina studio ndogo huku Buzuruga, kazi zangu ni picha za paspoti, kipaimara, sendoff, harusi na mahafali, na nina printa moja ambayo wino wake ndio unamaliza faida yote. Kwahiyo haya naandika kama mtu anayeshika kamera kila siku, japo majengo hayaniingizii hata mia, hayo napiga kwa mapenzi tu na mke wangu ameshachoka kusema.

Shida yangu na nyie ni moja. Likikamilika jengo lolote la maana huku kanda ya ziwa mnatuwekea picha ileile, imepigwa kwa mbali au kwa droni, anga bluu, jengo limekaa katikati limenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, chini mmeandika muonekano wa jengo jipya la taasisi fulani, basi. Kesho yake picha ya mheshimiwa anakata utepe. Baada ya hapo jengo halionekani tena gazetini mpaka liungue au paa liezuliwe na upepo. Sasa mimi naomba mtusogeze karibu. Tuonyesheni ngazi inapogeuka, pale kioo kinapokutana na ukuta, mkono wa reli ulivyochomelewa, nguzo ilivyopokea bimu, kingo ya dirisha, tundu la kutolea maji ya mvua. Huko ndiko jengo lilipo. Ile ya mbali inatuambia tu kwamba jengo lipo, na hilo sisi wa Mwanza tunalijua, tunapita hapo na daladala kila siku.

Chukulia daraja letu la Kigongo Busisi. Rais Samia alilifungua tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya bilioni 700, na wote tuliona ile picha ya juu, mstari mweupe umekatiza ziwa kutoka Misungwi kwenda Sengerema. Picha nzuri, sibishi, hata mimi niliiweka status. Lakini jiulize ilikufundisha nini. Mtu ambaye hajawahi kufika pale hajui kuwa ile minara inayoshikilia nyaya ni mifupi makusudi, kwamba nyaya zake zimelala sana kwa sababu hazibebi mzigo peke yake, lile sanduku la zege la chini lenyewe linabeba sehemu kubwa na nyaya zinalivuta na kulikaza lisifunguke. Hiyo huwezi kuiona kwa droni. Unaiona ukisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu ukainua kamera pale waya unapoingia kwenye zege, unaona kabisa pembe yake ilivyo ndogo, na hapo ndio unaelewa jamaa walikuwa wanawaza nini.

Halafu kuna zile fito za chuma zinazokatiza barabara, ambazo gari likipita unasikia ta-tam. Watu wanadhani ni matuta au fundi kasahau kuziba. Zege linatanuka jua likiwaka, ndugu zangu. Kilomita moja ya zege ikipanda joto kwa nyuzi 10 inarefuka kama sentimita 10, sasa daraja la kilomita 3 lisipoachiwa nafasi ya kupumua litajipasua lenyewe au litasukuma nguzo. Picha moja tu ya kile chuma, imepigwa kwa kuinama, meno yake yanavyoingiliana, na maneno mawili matatu chini yake, mtoto wa form two pale Sengerema anaelewa fizikia kuliko mwalimu akichora ubaoni. Nyie hiyo hamjawahi kutupa. Mmetupa droni.

Na wala sisemi droni ni mbaya. Ila droni inataka kibali cha TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, inataka hela, na mwisho wa siku kila mwenye droni anarudi na picha moja kwa sababu kutoka juu majengo mengi ni paa na matanki ya maji. Simu ya kawaida na miguu yako miwili inakufikisha pazuri zaidi.

Ngoja niseme kidogo kuhusu mwanga maana hapa ndio napata raha. Walimu wetu wa picha, na video zote za mtandaoni, wanakwambia usipige mchana, subiri asubuhi au jioni jua likiwa laini. Huo ushauri umetoka Ulaya huko. Kwa sura za watu sawa, bibi harusi ukimpiga saa saba mchana macho yanakuwa mashimo na shemeji zake wanakugombeza. Lakini kwa ukuta mambo yanabadilika kabisa. Sisi tupo chini kidogo ya ikweta, nyuzi 2 na nusu hivi, kwahiyo mwezi wa tatu katikati na mwishoni mwa mwezi wa tisa jua linakaa utosini kabisa, linashuka sambamba na ukuta, linaukwangua. Kila kitu kilichojitokeza hata kwa unene wa kidole kinatupa kivuli kirefu kwenda chini. Ukuta uliokuwa unaonekana bapa asubuhi unakuta una mistari, una mabonde, plasta iliyopigwa vibaya inajianika yenyewe, na ile iliyopigwa na fundi wa kweli inabaki imetulia. Nusu saa hivi, halafu inaisha.

Na tusiangalie saa sita. Mwanza tupo magharibi mno kwa saa tunazotumia, jua linafika katikati huku kwetu kwenye saa saba kasoro, siku nyingine ni saa saba yenyewe, inategemea mwezi. Mwezi wa sita jua linakuwa limelalia kaskazini, kwahiyo kuta zinazotazama upande wa uwanja wa ndege ndio zinapata ule mkwaruzo wa mchana na zile zinazotazama kusini, upande wa Nyegezi, zinabaki kivulini kutwa nzima. Mwezi wa kumi na mbili inageuka. Ndio maana nikiambiwa jengo fulani ni baya nauliza kwanza ulilipita mwezi wa ngapi.

Vioo sasa. Majengo yetu mapya mengi ni vioo na yale mabati laini ya kubandika, alukobondi, watu wanaponda sana na mimi nilikuwa siyapendi mpaka nilipoanza kuyapiga kwa karibu. Kioo cha Mwanza sio kioo cha Dar. Dar kioo kinaakisi kioo kingine. Hapa ukisimama sehemu sahihi pale mjini unaona mawe. Mawe yetu yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na nyumba za mlimani zimepandiana, na mabati yenye kutu, na antena, vyote vimekatwakatwa kwenye viboksi vya aluminiamu, kila kioo kimeinama kidogo tofauti na mwenzake kwa hiyo jiwe moja linagawanyika vipande. Yaani jengo lililojengwa ili lifanane na la Dubai limejaa Igogo na Bugando usoni kwake bila mwenyewe kujua. Picha kama hiyo mngeiweka ukurasa wa mbele ingewaelezea watu Mwanza kuliko lile jiwe la Bismarck ambalo kila kalenda lipo, lipo, lipo.

Anayetaka kujaribu asisimame mbele ya kioo moja kwa moja, atajipiga mwenyewe. Simama pembeni, na kama unataka kuona ndani badala ya mawe, chukua miwani ya jua ile ya kukata mng'ao, iweke mbele ya lenzi ya simu halafu uizungushe taratibu, utaona mng'ao unafifia mpaka unaona ngazi za ndani na dawati la mapokezi. Haifanyi kazi kwa kila miwani, ila ikikubali utafurahi. Na zile lenzi za simu zinazochukua eneo kubwa, 0.5 sijui, achana nazo kwenye majengo, zinapinda nguzo. Rudi nyuma, vuta mara mbili au tatu, shika simu wima kabisa usiilaze kuangalia juu. Kama jengo ni refu na huwezi kurudi nyuma sababu ya foleni ya bodaboda, panda ghorofa ya jengo la jirani, omba kwa heshima, mafundi nguo wa ghorofa ya pili huwa hawana noma kabisa.

Sasa nije kwenye kilichonisukuma kuandika. Kuna jengo moja jipya katikati ya mji, silitaji, wenyewe wakisoma watajijua na wasiojijua basi. Ni zuri kweli. Lina ngazi ya nje upande wa uani, ya zege tupu haijapakwa rangi, imezunguka nguzo moja, na chini ya kila kipandio fundi ameacha mfereji mwembamba kabisa. Nilikuwa hapo na kamera nimechuchumaa napiga hicho kimfereji. Akaja mlinzi, mzee wa makamo, nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba vizuri tu, halafu akauliza kijana unapiga nini hapo chini? Nikamwambia ngazi. Akasema ngazi ina nini? Nikamuonyesha kwenye kamera, akaangalia, akasema mbona hujapiga jengo. Yaani kilichomtia wasiwasi ni kwamba sijapiga jengo! Na muda huohuo mbele ya jengo kuna mabinti wanne wanacheza video ya TikTok, jengo zima lipo nyuma yao mpaka namba za magari ya wafanyakazi, hakuna aliyewagusa.

Akaitwa bosi mdogo, akaja na kitambulisho kinaning'inia, akaniambia hairuhusiwi. Nikamuuliza mkuu, imeandikwa wapi, maana nimeingia geti lipo wazi na kuna mgahawa wa watu wote. Akasema vitu vingine haviandikwi. Nikaondoka, sikubishana, kamera yangu nailipia bado. Ila nilitembea mpaka Makoroboi nawaza, hivi ni kwa nini picha ya jengo zima ni utalii na picha ya kipande cha jengo ni upelelezi?

Nadhani jibu nalijua. Picha ya mbali inasifia. Ya karibu inakagua hata kama aliyepiga hakuwa na nia hiyo. Ukisogea unaona nyufa, unaona silikoni imeanza kung'oka, unaona vigae viwili havijalingana. Wenye majengo wanaogopa hapo. Na mimi nawaambia wanaogopa kitu ambacho kingewasaidia, kwa sababu mimi nilienda pale kusifia ile ngazi, nilikuwa nataka kumjua fundi wake.

Kile kimfereji niwaelezee maana watu wengi hawakijui. Maji ya mvua yakifika ukingoni mwa zege hayadondoki moja kwa moja, yanapenda kung'ang'ania, yanageuka chini yanatembea kwa tumbo la zege kurudi ukutani. Ukiweka mfereji mdogo tu chini ya ukingo maji yanashindwa kuvuka, yanakata tamaa yanadondoka. Kitu cha unene wa kidole. Fundi anakifanya kwa kuweka kipande cha mbao au bomba dogo kwenye fomu, yaani zile mbao zinazoshikilia zege likiwa bichi, kabla ya kulimwaga, haiongezi gharama yoyote ya maana. Ukikiacha, baada ya misimu miwili ya masika ukuta wako mweupe una michirizi myeusi chini ya kila dirisha, ukungu unaota humo, unapaka rangi, inarudi, unapaka, inarudi. Pita barabara ya Kenyatta baada ya mvua uangalie juu, majengo ya juzijuzi yana michirizi na baadhi ya yale ya zamani ya Wahindi, yenye mwaka umeandikwa juu kabisa kwenye paji la uso, yapo safi. Mafundi wa zamani walikuwa wanaijua hiyo habari. Jengo lile lililonifukuza linaijua pia, ndio maana nilichuchumaa!

Sasa niambie hiyo droni itaiona wapi.

Kuna jamaa mmoja huko Ufaransa, Lucien Hervé, mwaka 1949 alienda Marseille kwenye jengo la ghorofa la Le Corbusier likiwa bado saiti, akapiga picha 650 kwa siku moja. Na enzi hizo ni filamu, sio unapiga tu halafu unafuta. Akamtumia msanifu mwenyewe, na Le Corbusier akamjibu kwamba ana roho ya msanifu majengo, kuanzia hapo akawa mpiga picha wake. Huyo Hervé alikuwa anachukua mkasi anakata picha zake pembeni mpaka kinabaki kivuli kimoja na kipande cha ukuta. Bosi mdogo wa pale mjini angemuita polisi.

Na wala tusiende mbali. Soko la Kariakoo kule Dar lilichorwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, miaka ya 1970 hiyo, zege limeota kutoka kwenye nguzo likafunguka juu likawa paa, hewa inapita pembeni, joto linatoka lenyewe bila feni. Julai 2021 likaungua. Siku ile mitandao yote picha ilikuwa moshi kwa mbali, na waliotaka kuonyesha lilivyokuwa zamani wakaweka tena picha za mbali, soko limesimama katikati ya magari. Mimi nilitafuta sana picha ya pale nguzo inapoanza kufunguka kuwa paa, ule mpindo, mbao za fomu zimeacha alama gani kwenye zege. Zipo chache, na nyingi wamepiga wageni. Sisi tuliokuwa tunaenda kununua viatu pale hatujawahi kuinua macho, na magazeti yetu ndiyo yalitakiwa kutuinulia. Hapa Mwanza napo yale majengo ya zamani niliyotaja yanavunjwa moja moja kupisha ghorofa, sijui nani ana picha ya zile nondo za dirisha zilizokunjwa maua na zile baraza za juu. Mimi ninazo kidogo. Kidogo tu, kwa sababu siku nyingi nipo kwenye sendoff.

Kuna mtu atasema usalama. Nakubali, kambi za jeshi, benki, magereza, bandari, huko kila mtu anajua haelekezi kamera bila ruhusa na mimi wala siombi hayo yabadilike. Hata kwenye jengo la kawaida simpigii mtu kamera za ulinzi wala vitasa vya mlango wa stoo. Lakini mgahawa, hoteli, mall, chuo, stendi, soko, majengo ambayo yamejengwa ili watu waingie, wekeni kibao kimoja kinachosomeka. Piga hapa, usipige pale, kwa biashara muone meneja chumba namba fulani. Mlinzi hatapata presha na mimi sitapata presha. Kwa sasa sheria ya kila jengo ni hali ya hewa ya mlinzi siku hiyo, kuna mmoja wa jengo jingine ananiitaga mpiga picha wangu na ananishikia mwamvuli, kuna mwingine ananifukuza nikiwa barabarani ng'ambo ya pili.

Na nyie mhariri mna nguvu ambayo mimi sina. Mwandishi wenu akienda na kitambulisho bosi mdogo anatabasamu, anamletea mpaka soda. Kwahiyo nawaomba mtenge hata robo ukurasa, mara moja kwa wiki, picha moja ya kipande cha jengo la kanda ya ziwa. Sio lazima liwe jipya wala la mabilioni. Ukuta wa kule Isamilo unaopita juu ya jiwe, fundi hakulipasua jiwe, amechonga tofali zikafuata mgongo wake, hiyo ni kazi ya siku nzima kwa mita moja. Kona ya Rock City Mall. Paa la stendi. Yale matundu ya hewa ya tofali za kisasa ambayo sasa hivi mafundi wa Igoma wanayafyatua kwa maumbo ya kila aina, ukipiga jioni kivuli chake kinalala sakafuni kwa namna ambayo huwezi kuamini ni simenti na mchanga.

Chini ya picha msiandike muonekano wa. Andikeni jina la fundi. Siku ya uzinduzi tunasomewa mkandarasi, mshauri, mfadhili, mgeni rasmi, mpaka kikundi cha ngoma kinatajwa, aliyekunja nondo hatajwi, aliyechomelea reli ya ngazi hatajwi, na hao wengi wao wapo hapahapa, Mabatini, Nyakato, Kishiri, ukiuliza vibarua wawili watatu unampata na namba yake ya simu unapewa. Nilimtafuta huyo wa ngazi kwa njia hiyohiyo. Nilimpata kupitia kibarua mmoja anayeuza chipsi sasa hivi. Kijana mdogo tu, hana hata thelathini, nikamuonyesha zile picha kwenye kamera, akazivuta na vidole akazikuza, hakuangalia ngazi kabisa, aliangalia pale pembeni akasema hapa braza fomu ilisogea kidogo, umeiona? Sikuwa nimeiona. Akanieleza walivyoipiga kabari usiku wakati zege linamwagwa ili isiendelee kufunguka, na injinia alikuwa ameshaondoka. Halafu akaniomba nimprintie moja akamuonyeshe mama yake maana hata yeye hajawahi kuruhusiwa kuingia pale tangu jengo lifunguliwe.

Nimemprintia kubwa, A3, bure. Nyingine ipo hapa studio na nipo tayari kuwatumia mchape, ila jina lake nitawapa kwa simu akikubali mwenyewe. Na mkimtuma mpiga picha wenu kule kwenye ngazi, mwambieni aingie kwa geti la nyuma saa saba kasoro robo, siku yenye jua, aanzie kipandio cha tatu kutoka chini.

Mpiga picha wa paspoti,
Buzuruga, Mwanza